Waliopita Kisiwa cha Kitambala

Tonton Mahmoudi alifika bandarini Makiso akiwa amejifunga bidoni mbili tupu za mafuta ya kupikia, moja kifuani na moja mgongoni, kwa kamba ya nailoni. Ni kaka wa mama yangu, fundi cherehani, mtu wa kanzu safi na kofia iliyonyooka. Lakini hajui kuogelea, na mama alikuwa ameapa kwamba sitakanyaga mtumbwi bila yeye.

"Papa, unaenda kuuza mafuta?" Rosine alimuuliza kutoka mbele ya mtumbwi.

"Ninaenda kurudi, mutoto yangu," Tonton akajibu. "Kwenda tu, kila mutu anaweza."

Mama Julie, mama yake Rosine na mwenye mtumbwi, hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma, kafi refu mkononi, akitazama mzigo wangu. Ulikuwa ubao wa bati, mkubwa kama mlango wa kabati, nimeufunga kwa shuka la zamani ili rangi isikwaruzwe.

"Njo ule ubao?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Weka katikati. Usiukalie."

Ubao ule ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya buluu: HAPA ALIISHI KITAMBALA, HARAMIA WA MTO, ALIYEWAFUNGUA WATEKWA. Maneno hayo nilikuwa nimeyapima kwa miezi.

Nilimaliza masomo ya historia mwaka jana, na tasnifu yangu ilimhusu Kitambala, mnyang'anyi aliyejifunga kitambaa chekundu kichwani na kuvamia mitumbwi ya wafanyabiashara zamani za misafara ya pembe. Jopo lilinipa alama nzuri. Kisha ikaja miezi minane ya kukaa nyumbani. Nilipochoka kukaa, mimi na wenzangu watatu tuliotoka chuo pamoja tukaamua kuwapeleka watoto wa shule mtoni, wajifunze historia yao mahali ilipotokea badala ya kuinakili ubaoni. Darasa moja lilikuwa tayari limekubali: watoto kumi na wawili wa darasa la sita, na mwalimu wao, Madame Élise. Wangekuja Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Kilichobaki kilikuwa ruhusa ya Mama Julie. Kisiwa ni cha ukoo wake, watu wa kijiji cha Yabetuka kilicho ng'ambo yake, na hakuna anayechimbia hata kijiti kule bila wao kukubali. Mara tatu nilikuwa nimemfuata sokoni anakouza samaki wa kukausha. Mara tatu alinisikiliza hadi mwisho, akafukuza nzi, akasema, "Tutaongea kule."

Tuliondoka maji yakiwa madogo, mchanga umejitokeza hapa na pale kama migongo ya ng'ombe waliolala. Kushuka na mto si kazi. Mama Julie alitupeleka katikati, mkondo ukatuchukua, na mtaa wa Lubunga ukapita taratibu kushoto kwetu. Rosine alisimama mbele, akiinama na kuinuka bila kuyumba. Mimi nilikaa katikati na kafi fupi.

"Ya Nuru," Rosine alisema bila kugeuka, akiniita kwa heshima ya mkubwa wake, "unapiga mayi ao unaipapasa?"

"Ninapiga."

"Mayi haijasikia."

Waliimba. Mama Julie alianza, Rosine akaitikia, na kila kiitikio kiliangukia pale kafi linapoingia majini. Baada ya muda hata mimi nilishika mwendo. Tonton hakuimba. Alisoma dua zake kwa sauti ya chini, na kila baleinière, mashua kubwa ya mbao yenye injini, ilipotupita na kutuachia mawimbi, dua ilipanda kidogo.

Nilikuwa na furaha ambayo sikujua pa kuiweka. Lazima niseme kwa nini nilimpenda Kitambala hivyo. Nilipokuwa na miaka kumi na minne, shuleni kwetu katika mtaa wa Tshopo, mwalimu alifundisha habari za misafara: pembe, bunduki, watu waliofungwa minyororo. Darasa likageuka kututazama sisi watatu wenye majina ya Kiislamu. Mvulana mmoja, Muhindo, ambaye tulikuwa tukigawana karanga kila siku, aliniuliza bila ubaya wowote, "Nuru, babu yako alikuwa upande gani?" Sikumjibu. Nilikwenda nyumbani nikamuuliza mama. Mama akaniambia nimenye viazi.

Basi miaka ilipopita, nikiwa chuoni, mzee mmoja wa bandarini alinieleza habari za haramia aliyevamia mitumbwi ya wafanyabiashara karibu na kisiwa, na watekwa wa mitumbwi hiyo hawakufikishwa walikokuwa wakipelekwa. Baadhi walipona, na wajukuu wao wako Yabetuka hadi leo. Tena akaniambia kwamba kila mtumbwi wa Yabetuka ukipita kisiwani, watu wanaita kwa sauti, kisha wanaacha kiberiti juu ya jiwe. Nilisikia hayo na moyo wangu ukaruka. Mtu mbaya hasalimiwi. Mtu mbaya haachiwi zawadi kwa zaidi ya miaka mia. Niliona nimempata mtu mmoja, katika historia ile yote, aliyefungua minyororo. Nikaandika kurasa arobaini juu yake.

Tulipita mahali mto Lindi unapoingia, maji yake meusi yakikimbia kando ya maji ya kahawia kabla ya kukubali kuchanganyika. Baada ya hapo mto ulipanuka. Mama Julie alikata wimbo katikati ya neno. Rosine akainua kafi lake na kulilaza magotini. Nami nikainua langu. Mtumbwi ukaelea wenyewe, na mbele yetu nikaona kisiwa: kirefu, chembamba, matete upande mmoja, mchanga upande mwingine.

Mama Julie aliita. "Nani iko?"

Sauti ilikwenda, ikarudi. Akangoja. Sikuwahi kumwona mtu akingoja hivyo. Alikuwa amegeuza sikio, macho yamefumba nusu, kama mtu anayetegemea kweli kujibiwa. Akaita tena. Akangoja tena. Akaita mara ya tatu.

"Wanamsalimia Kitambala," nilimnong'oneza Tonton. Lilikuwa katika sura ya tatu ya tasnifu yangu.

Mama Julie alinitazama, kisha akatia kafi majini.

Kisiwani palikuwa na vibanda vitatu vya wavuvi, vitupu kwa siku hiyo, na nyuma yake jiwe jeusi refu kuliko mtu. Kwenye ufa wa jiwe mlijaa viberiti. Vingine vilikuwa vimevimba kwa mvua hadi vimekuwa kama uji, vingine karatasi imefifia, kimoja kipya kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mama Julie alifungua fundo la kitenge chake, akatoa kiberiti, akakiweka juu ya vingine. Akajifuta mikono.

"Bon," alisema. "Soma."

Nilifungua shuka. Nilisimamisha ubao mchangani, nikausoma kwa sauti niliyoiandaa kwa ajili ya watoto. Nilipomaliza, Rosine alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

"Nani alikuambia?" Mama Julie aliuliza.

"Papa mmoja wa bandarini. Mtu wa kwenu, wa Yabetuka."

"Alikuambia wapi?"

"Kule kule, bandarini."

"Njo vile." Akaketi juu ya mtumbwi mbovu uliopinduliwa. "Sikiya, mutoto yangu. Habari ya hapa inasemwa hapa. Kwa soko, kwa bandari, tunasema ile ya kutosha tu mutu aende. Ule papa hakukudanganya. Alikupa kipande. Weye ulishona nguo muzima na kile kipande."

Tonton alikohoa. Fundi alikuwa ameguswa.

"Kitambala," Mama Julie akaendelea, "alikuwa na mwanamuke. Anamuweka kwa mchanga hapa, mwanamuke analia: muniokote, mutoto wangu anakufa! Batu ya mtumbwi banaingia kumuokota. Banaume banatoka kwa matete na mapanga. Mara moja, mara mbili, mara kumi. Mwishowe kila mutu wa hii mto alijua: ukisikia kilio kwa kile kisiwa, piga kafi nguvu, usigeuze kichwa."

"Hilo nililiandika," nilisema haraka. "Ilikuwa mbinu ya kuwashambulia wafanyabiashara."

"Uliandika. Na kisha? Siku moja alikamata mitumbwi tatu. Iko na pembe, na batu kumi na mumoja bamefungwa. Akachukua pembe. Batu aliacha hapa, na kamba kwa miguu yao, mayi iko juu, kisiwa kimebaki kidogo kama kile kibanda. Alienda. Hakurudi tena. Na bale batu balianza kuita."

Upepo ulipita kwenye matete.

"Siku ya kwanza, mitumbwi yetu ilipita. Siku ya pili, ilipita. Batu ya Yabetuka, Nuru. Bababu zangu. Balisikia kilio, balisema, njo ule mwanamuke wa Kitambala. Bakapiga kafi nguvu. Siku ya tano mtumbwi mumoja ulipita karibu, mutu akaona mutoto kwa mchanga, anatetemeka. Hakusimama. Alikuwa na moto ndani ya chungu, kama zamani banasafiri na moto. Akatupa kuni moja ya kuwaka. Bale kisiwani baliidaka. Na ule moto balikauka, balichoma samaki, balikata kamba. Mayi ilipopunguka, saba balitembea hadi ngambo. Bane balibaki hapa." Akaonyesha kwa kidevu mchanga nyuma ya jiwe. "Bale saba balifika kwa kijiji gani? Kwetu. Balipewa vyumba, baliolewa, balioa. Mama ya mama ya bibi yangu alikuwa ule mutoto wa kutetemeka. Na mume wake alikuwa mutoto wa mutu mumoja aliyepita bila kusimama. Sisi ni batu ya pande mbili."

"Na viberiti?" Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Kutupa moto ni rahisi. Kusimama njo ilikuwa kazi. Hii si zawadi ya mutu yeyote. Ni haya yetu, ni aibu. Na ile kuita, tunaita kwa sababu hatukuita ile wakati. Leo tunauliza, na tunangoja jibu."

Nilitazama ubao wangu. Herufi zilikuwa zimenyooka vizuri. Niliona aibu kwa jinsi zilivyonyooka. Nilijaribu bado, Mungu anisamehe. Nilisema kwamba hata hivyo watekwa hawakufika walikokuwa wakipelekwa, kwamba hata hivyo saba walipata uhuru, kwamba mtu anaweza kutenda jema bila kukusudia.

"Batoto bakuje kusikia nini?" Mama Julie aliuliza, si kwa hasira. "Kwamba mwizi aliokoa batu? Watarudi nyumbani wangoje mwizi mwingine. Hapana. Ule ubao hauchimbiwi hapa. Na samedi hakuna."

Jumamosi hakuna. Niliwaona watoto kumi na wawili, barua za wazazi zilizosainiwa, Madame Élise aliyenitetea mbele ya mkuu wake. Niliona miezi minane mingine. Lakini, na hili lilinishangaza, hayo siyo yaliyoniumiza zaidi. Kilichoniumiza ni kwamba nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne tena, na Muhindo alikuwa bado anangoja jibu.

"Mama," nilisema, "nilitaka awepo mtu mmoja mzuri."

"Juu ya nini?"

"Kwa sababu mitumbwi ile... watu waliowafunga wale kumi na mmoja..." Nilimtazama Tonton.

"Mutoto ya Fatouma, ukoo wa Yunus," Mama Julie alisema, akitaja mama yangu na babu yetu wa zamani. "Siku ya kwanza ulifika kwa meza yangu nilikujua. Una uso wa bibi yako. Unafikiri nilisema tutaongea kule juu ya samaki?"

Tonton alianza kufungua kamba ya nailoni. Fundo lilikuwa limekaza. Rosine akamsaidia kwa meno. Bidoni zilipoanguka mchangani alionekana mdogo, kanzu yake imelowa jasho kwa umbo la mraba. Aliketi upande wa pili wa mtumbwi mbovu, mbali kidogo na Mama Julie.

"Kama habari ya hapa inasemwa hapa," alisema, "basi mimi pia niko na yangu."

"Sema, papa."

"Mitumbwi tatu ilikuwa ya Yunus, ule mukubwa wetu."

"Hiyo tunajua."

"Hamujui yote." Alivua kofia, akaiweka gotini. "Alikusanya batu na bunduki. Siku ya tisa alimupata Kitambala, kule chini, akamupiga, akachukua pembe zake zote. Wakati banarudi, mutu mumoja alimwambia: Bwana, bale batu bako kwa kisiwa, banaita. Tunaweza kubaokota, ni karibu. Yunus alihesabu pembe. Akasema: pembe zinatosha. Bakapita."

Mto ulikuwa ukifanya sauti yake ndogo chini ya ukingo.

"Mutoto wake wa kiume alikuwa ndani ya mtumbwi," Tonton aliendelea. "Alisikia kwa masikio yake. Akazeeka, akamwambia babu yangu. Babu aliniambia mimi, nikiwa ninajifunza kushona vifungo. Alisema, mutu mumoja lazima ajue. Sikumwambia hata Fatouma. Nimeshona nguo za harusi za nusu ya mji huu, na kila mara ninasikia: pembe zinatosha."

Mama Julie alisimama. Alitembea hadi majini, akasimama na mgongo wake kwetu, maji yakimfika vifundoni. Nilijua alichokuwa akikipima. Kwao ilikuwa inajulikana kwamba mwenye mitumbwi ndiye aliyewafunga wale watu. Haikujulikana kwamba aliambiwa, kwamba alikuwa karibu, kwamba siku ya tisa, watu wakiwa bado wanaita, neno moja lake lingetosha. Nilitaka kumfuata. Rosine alinishika mkono.

"Mwache," alisema polepole. Kisha, kwa sababu hawezi kukaa kimya, aliligonga bati langu kwa kidole. "Ya Nuru, hii ni bati nzuri. Utairudisha?"

"Sijui."

"Ukitupatia sisi, tutaanika samaki juu."

Nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja. "Chukueni," nilisema. Tukaulaza ubao kando ya kibanda, maandishi chini.

Mama Julie aliporudi uso wake ulikuwa umechoka, lakini haukuwa umefungwa. Hakunitazama mimi. Alimtazama Tonton.

"Huyu papa, anakuja samedi?"

"Mimi?" Tonton akashika kofia yake. "Kufanya nini?"

"Kusema ile ulisema. Hapa, mbele ya batoto. Mimi nitasema ya baliopita. Weye utasema ya pembe."

"Mama Julie, mimi ni mutu wa musikiti. Batu banajua jina yetu. Batoto watasema kwa nyumba zao."

"Na batoto wa Yabetuka, banajua jina yao. Bila weye, hakuna samedi. Sitasimama hapa peke yangu na haya ya batu wote."

"Na Ya Nuru atasema nini?" Rosine aliuliza.

"Nuru atasema vile alikosea," Mama Julie alisema. "Iko kazi mukubwa kupita zote. Anaweza?"

Niliwaza jopo, alama nzuri, mama aliyeiweka tasnifu yangu kwenye kioo cha kabati karibu na picha ya Makka. Kisha niliwaza kwamba kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya swali la Muhindo nilikuwa na jibu la kumpa mtu. Halikuwa zuri. Lakini lilikuwa letu, na lilikuwa kweli, na hakuna mtoto ambaye angelazimika kulibuni baada yangu.

"Ninaweza," nilisema.

Tonton aliokota bidoni zake, akaelekea mtumbwini.

Kurudi ni kazi nyingine kabisa. Dhidi ya maji hauendi katikati. Unashika ukingo, unasukuma kwa upondo pale palipo na kina kifupi, unapiga kafi pale upondo haufiki, na ukipumzika pumzi tatu, miti uliyoipita inakupita tena. Mikono yangu ilichubuka. Hakuna aliyeimba. Tonton alikuwa ameketi bila bidoni zake, zikibingirika miguuni, na nilifikiri ameacha kuogopa maji hadi nilipoona midomo yake ikitembea. Hakuwa akisoma dua. Alikuwa akijaribu maneno.

Tulipofika kwenye mdomo wa Lindi alisema, bila kumgeukia mtu, "Nianze na jina yake, ao nianze na pembe?"

Mama Julie alisukuma upondo, akauvuta, akausukuma tena. "Anza na jina," alisema. "Batoto banapenda kujua nani."

"Fatouma atanikasirikia mwezi muzima."

"Mulete na yeye."

"Basi mutatafuta mtumbwi mukubwa," Tonton alisema, na huko ndiko kulikuwa kukubali kwake.

Mtandao ulirudi karibu na mji. Nilimpigia Madame Élise, kafi nimelibana kwapani. Nilimwambia kwamba ubao haupo tena, kwamba karatasi ya somo niliyompa aichane, kwamba Kitambala hakumfungua mtu yeyote. Nilimweleza kwa kifupi nani watasema, na kwamba mimi pia nitasema. Hadithi yenyewe sikumpa, angeisikia kule.

"Alors, shujaa ni nani?" aliuliza.

"Hakuna, madame."

"Watauliza maswali mengi, hawa watoto. Unawajua."

"Najua."

"Na mengine hutaweza kuyajibu."

"Ndiyo, madame. Nimeshakubali."

Nilimsikia akihema, na nyuma yake kengele ya shule na kelele za uwanja mzima.

"Bon," alisema. "Saa mbili asubuhi. Nitawaambia wavae viatu vya kulowa."

"Nuru!" Mama Julie alipaza sauti kutoka nyuma. "Simu haipigi kafi! Mayi inaturudisha Yabetuka!"

Kweli, ukingo ulikuwa umeanza kututoka. Niliitia simu kifuani, nikachovya kafi kwa kina kadiri mikono iliyochubuka ilivyoniruhusu, na Rosine, mbele, akasema kwamba safari hii maji yamesikia.